Ninasoma Bwana Msa tu: je, ninaweza kuandika riwaya?

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Mbale, mama wa watoto wawili. Tangu usichana wangu ninasoma riwaya za upelelezi. Zile nzito hunitia usingizi, na mwenzangu wa idara ananiambia kwamba mwenye ladha ya namna hiyo hawi mwandishi. Riwaya yangu nimeianza mara tatu, na kila mara inanifia karibu na ukurasa wa 40. Nikimsoma Said Ahmed Mohamed jioni, kesho yake sentensi zangu zinakuwa zake. Nasikia waandishi huamka saa kumi alfajiri wakaandika kila siku; mimi saa hiyo nawasha jiko. Tena Kiswahili changu ni hiki cha Uganda. Waandishi wa riwaya husoma nini, na huandikaje? Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara jicho limerudi kwenye ule ukurasa wa 40. Nitafika huko. Nianze na ladha kwanza, maana naona ndiyo iliyokuumiza, na humo humo naona dawa ya sehemu kubwa ya mengine.

Mwenzako anatumia mgawanyo tuliofundishwa sote: riwaya dhati, yaani zile nzito, huku; riwaya pendwa, zile za kuburudisha, kule. Mgawanyo huo unamsaidia mtunga mitihani. Mtu anayetaka kuandika haumsaidii kitu. Mohammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa mwandishi wa habari, na alipoingia katika shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 hakupeleka mawaidha wala hekaya za majini. Alipeleka mauaji, na mpelelezi mwenye kiko mdomoni aitwaye Bwana Msa. Aliyewahi kusoma visa vya Sherlock Holmes anaona mara moja mzee yule alikuwa akisoma nini usiku. Mzimu wa Watu wa Kale kikashinda, kikachapwa 1960, na leo ni vigumu kusimulia historia ya riwaya ya Kiswahili bila kukitaja. Alichukua alichokipenda, akakivisha kanzu, akakiweka kwenye mashamba ya Unguja. Wewe ladha hiyo hiyo unaambiwa ni aibu. Si aibu, dada yangu. Ladha ya mwandishi ni akiba yake, na ya kwako umeiweka tangu usichana.

Lakini akiba isiyohesabiwa haijengi nyumba. Nadhani hadi sasa umesoma riwaya hizo kama zinavyopenda kusomwa: mbio, kwa hamu ya kujua nani kaua. Zisome sasa kwa namna ambayo hazikutayarishwa. Chukua moja unayoijua vizuri, iwe ya Bwana Msa au ya Willy Gamba wa Elvis Musiba, uianze upya ukiwa unamjua mkosaji. Shika penseli. Kila mahali anapotokea kabla ya kufichuliwa, tia alama, kisha ujiulize wakati huo mwandishi alitaka tuangalie wapi. Utaona mkosaji anaingia na sinia la kahawa wakati wengine wawili wanagombana, na macho yetu yanakwenda kwenye ugomvi. Angalia kila sura imekatwa wapi. Hesabu kurasa kati ya jambo moja linalojulikana na jingine. Kazi hiyo itakuchukua majuma mawili, na utakuwa umejifunza msuko na taharuki kuliko nilivyojifunza mimi katika kozi zote nilizohudhuria.

Hivi ndivyo waandishi wengi ninaowajua wanavyosoma. Watu hudhani tunasoma vitabu vingi. Wengine ndiyo, ila kinachotutofautisha na msomaji wa kawaida ni kurudia. Mimi nina vitabu kama kumi na viwili ninavyovizunguka. Vuta n'kuvute cha Adam Shafi, kwa mfano, nimekisoma hata jalada limeachana na kurasa. Kila mara nakwenda kumtazama Yasmin, yule binti wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza ambaye angeweza kuwa baba yake, anavyotoka katika ile nyumba, na jinsi siasa za Zanzibar za miaka ya 1950 zinavyoingia kwa mlango ule ule aliotokea yeye. Hakuna mahali mwandishi anasimama kutupa darasa la historia. Mara ya kwanza sikuliona hilo. Mara ya kwanza nilikuwa namwonea Yasmin huruma tu.

Na hizo nzito zinazokulaza? Usiziache moja kwa moja. Nagona cha Kezilahabi ni kijitabu chembamba, lakini ukikisoma kitandani baada ya kusahihisha madaftari 60, kitakushinda, na kosa halitakuwa lako wala la Kezilahabi. Kisome asubuhi ya Jumamosi, kurasa tano tu, kwa sauti. Vitabu vya namna hiyo vimeandikwa karibu na ushairi, na ushairi haumezwi kwa haraka.

Sasa ukurasa wa 40. Huo naujua. Miswada mingi inayofika mezani kwangu hufia hapo, kwenye wa 35, wa 40, wa 50, na mara nyingi walioiandika ni watu wenye kipaji. Kurasa za mwanzo huandikwa na vitu ambavyo mtu amevibeba miaka: kijiji chake, sauti ya mama, mvua ya Mlima Elgon ikishuka, msiba uliomtikisa utotoni. Vinamiminika vyenyewe. Kisha siku moja ghala linakuwa tupu, na riwaya inageuka kukuuliza: mtu huyu anataka nini, na nani amemzuia? Kama huna jibu, wahusika wako wataanza kunywa chai. Watasalimiana, watapanda basi, watashuka, watakunywa chai tena. Wewe utahisi uvivu umekuingia, kumbe hadithi ndiyo haina pa kwenda.

Hapo ndipo ladha yako inapokuokoa. Mtunzi wa upelelezi mara nyingi hafiki ukurasa wa 40 bila kujua mwisho. Humjua aliyeua, kwa nini, na kwa kitu gani, ndipo aweze kumficha. Basi fanya kama yeye hata kama riwaya yako haina maiti. Iweke kando hiyo miswada mitatu, uandike sura ya mwisho. Iandike vibaya, haidhuru. Nani amesimama wapi, nani hayupo tena, kitu gani kimesemwa ambacho kwenye ukurasa wa kwanza kisingeweza kusemwa? Ukishakuwa nayo, ukurasa wa 41 unakuwa safari ya kwenda mahali unapopajua, na utashangaa ni mambo mangapi katika zile kurasa 40 yalikuwa yameanza kuelekea huko bila wewe kujua. Nina hakika pia, baada ya kusoma miswada mingi ya watu walioanza mara tatu, kwamba hizo tatu ni riwaya moja. Zisome zote kwa pamoja na utamwona mtu yule yule akirudi kwa majina tofauti.

Nakueleza haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu mimi niliyajua nikiwa nimechelewa. Nilipokuwa na miaka thelathini na kitu nilimpenda Kezilahabi wa Nagona na Mzingile mpaka nikaacha kusoma kingine chochote. Nikaandika miaka miwili riwaya ya mafumbo matupu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu kama wewe, akasoma kurasa tatu akaniuliza kwa upole: huyu mtu ana njaa ya nini? Sikuwa na jibu. Sikuwa nimemuuliza. Kezilahabi alifika Nagona mwaka 1990 akiwa ameshaandika Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka, riwaya nne ambazo watu wake wana njaa unazoweza kuzigusa kwa mkono. Mimi nilitaka kuanzia alipoishia.

Hilo linanileta kwenye kuambukizwa sentensi. Usiogope sana. Seremala kijana hukata mbao kama mwalimu wake kwa miaka kadhaa kabla mkono wake haujapata tabia yake. Ninachofanya mimi ni kutenganisha majira. Majuma ninayoandika rasimu sisomi riwaya ya Kiswahili hata moja. Nasoma tenzi, kwa sababu mstari wa mizani nane unanyoosha sikio bila kuniletea wahusika wa mtu mwingine. Utendi wa Mwana Kupona nimeusoma hivyo miaka mingi. Nikimaliza rasimu, nikaifungia kabatini ili ipoe, hapo nasoma riwaya kwa pupa. Ukimsoma Said Ahmed Mohamed akakuingia sana, usimkimbie. Chukua ukurasa mmoja wa Utengano uunakili kwa mkono, neno kwa neno, nukta kwa nukta. Mkono utakuonyesha anapovuta pumzi, anapokata sentensi kabla hujashiba, anavyorundika vitenzi. Mvuto usioujua ndio unaokutawala. Ukishaujua ulivyoundwa, unaweza kuuchukua au kuuacha.

Saa ya kuandika. Ni kweli Haruki Murakami wa Japani, akiwa katikati ya riwaya, huamka saa kumi alfajiri, huandika saa tano au sita, kisha hukimbia au huogelea. Anthony Trollope wa Uingereza, ambaye alikuwa mtumishi wa posta, alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila robo saa, na akaacha riwaya 47. Habari hizi zinasambaa sana, na zimewavunja moyo mama wengi. Mbona hatusambazi habari za Buchi Emecheta wa Nigeria? Alikuwa London na watoto watano, mumewe akauchoma moto mswada wake wa kwanza, akauandika upya, ukachapwa 1976. Aliandika kabla watoto hawajaamka kwa sababu hakuna saa nyingine iliyobaki. Toni Morrison wa Marekani naye aliandika kabla ya jua kuchomoza kwa sababu hiyo hiyo. Alikuwa na wana wawili na kazi ya uhariri. Naguib Mahfouz alikuwa mtumishi wa serikali ya Misri mpaka kustaafu, akiandika baada ya kazi, na kwa kuwa macho yalimsumbua msimu wa joto, riwaya zake aliziandika kuanzia Oktoba hadi Aprili. Na Shaaban Robert wetu alikuwa karani, forodhani na katika ofisi nyingine za serikali ya kikoloni. Hakuna aliyempa likizo ya kuandika Kusadikika.

Kwa hiyo alfajiri haina baraka ya pekee. Wengi wa hawa walikuwa na saa inayojulikana. Yako iko wapi? Nakisia iko kwenye prepu. Kama shule yako ina masomo ya jioni na zamu ya kusimamia inakufikia, una chumba kizima cha watu walioinamia daftari kimya. Inama nao. Andika kwa kalamu, kwa sababu simu ikiwa mkononi wanafunzi wataona unachati, nawe pia utaishia kuchati. Maneno 300 yanatosha. Ni kama ukurasa mmoja na nusu wa daftari. Siku tano kwa juma ni maneno 1,500, na majuma arobaini ni 60,000, ambayo ni riwaya kamili. Yanabaki majuma kumi na mawili ya mitihani, ya malaria ya watoto, na ya kuchoka.

Jambo moja dogo kwa mtu mwenye muda mfupi kama wewe: usiandike mpaka uishiwe. Ernest Hemingway aliacha kalamu akiwa bado anajua kitakachofuata, ili kesho asianze na ukuta. Kengele ya prepu ikilia katikati ya mazungumzo ya wahusika wako, shukuru. Funga daftari hapo hapo. Utakapokuwa ukipika wataendelea kuzungumza kichwani mwako.

Sasa hili la Kiswahili cha Uganda, ambalo umeliweka mwisho kama mtu anayeomba radhi. Mimi nililelewa katika kota za reli hapa Kampala, na Kiswahili changu cha kwanza ni cha mafundi wa reli na watoto wa askari. Najua ile hofu ya kusahihishwa na mtu wa pwani. Lakini Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa hili hili letu la Viktoria, na lugha ya kwao ni Kikerewe. Riwaya ya Kiswahili ilishahama pwani zamani, na pwani haikupungukiwa kitu.

Tena fikiria ulichonacho. Wakampala wa umri wangu wakisikia maneno mawili, "panda gari", mwili unashtuka. Ndivyo tulivyoziita zile operesheni za miaka ya mwanzo ya 1980, askari wakizingira mtaa na kupakia watu kwenye malori. Maneno ya Kiswahili kabisa, mepesi, mtoto wa Tanga anayasema akienda kwa shangazi yake. Kwetu yamebeba baba za watu. Lugha hii hapa ilikuwa ya kambi na ya vizuizi vya barabarani, na wazazi wengi waliwakataza watoto wao kuisema kwa sababu hiyo. Marekebisho ya katiba ya 2005 yaliifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Wewe unasimama kila asubuhi mbele ya watoto ambao bibi zao waliiogopa. Sijui mwandishi wa Mombasa au Unguja anayeweza kuandika jambo hilo kutoka ndani. Ni lako.

Katika kuandika, ningefanya hivi. Sauti ya msimulizi iwe Kiswahili sanifu ulichokinoa kwa kunakili na kusoma kwa sauti. Vinywa vya watu uviache. Mama anayevusha mahindi pale Busia aseme kama wanavyosema Busia. Askari aamuru kwa Kiswahili cha kambi. Kondakta wa teksi achanganye Kiswahili na Luganda, aseme "ssebo" na "nnyabo", wala usitie maelezo. Usiwasahihishe, uko prepu, lakini hao si wanafunzi wako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika miswada ya kwetu si Kiganda wala Kigisu kuingia. Ni Kiingereza kilichojificha chini. Tumesomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni, tunapanga hadithi kwa Kiingereza kichwani, kisha tunaivalisha maneno ya Kiswahili. Ndiyo maana mhusika "anachukua basi" badala ya kulipanda, "anampa" mtu tabasamu, au "anakuwa na wakati mzuri" harusini. Andika hata mpango wa sura kwa Kiswahili, hata zile noti za pembeni. Na nikupe zoezi ninalolifanya mwenyewe, ambalo pia ni siri ya usomaji wangu: ninapenda sana kusoma hukumu za mahakama. Za mahakama zetu nyingi zinapatikana bure mtandaoni, kwa Kiingereza, na kila moja ni hadithi iliyokamilika: watu walitaka kitu, wakazuiana, jambo likatokea usiku fulani, mashahidi wakapingana. Kwa mpenzi wa upelelezi ni karamu. Soma moja, ifunge. Kesho yake msimulie mtu kwa Kiswahili, kwa mdomo, jikoni. Usitafsiri, simulia. Angalia uso wake unapochoka na unapochangamka. Kisha ndipo uandike ulivyosimulia.

Sikio ndilo hakimu wangu wa mwisho. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyesoma Makerere na kuanza riwaya zake pale, aliandika riwaya yake ya kwanza kwa Kigikuyu mwaka 1978 akiwa gereza la Kamiti, juu ya karatasi za chooni. Ilipochapwa 1980 watu waliisoma kwa sauti majumbani na kwenye baa, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Huo ndio mtihani wa sentensi. Kila Ijumaa soma ulichoandika juma lile kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa kama unaona haya. Ulimi ukijikwaa, tia alama. Usirekebishe siku hiyo, tia alama tu, maana ukianza kurekebisha ukurasa wa pili kila Ijumaa hutauona wa 41.

Vitabu ni shida hapa, najua. Maduka mengi ya Kampala ninayoingia huweka vile vya mtaala na kuishia hapo. Vyangu vingi vimenijia kwa basi la usiku kutoka Nairobi. Mtafute mwalimu mwenzako mmoja wa Tororo na mwingine wa Soroti, kila mmoja anunue viwili, mvizungushe. Huyo wa idara yako mkaribishe pia. Mpe Bwana Msa kwanza, asome mpaka mwisho, ndipo mzungumze.

Sura ya mwisho ukiimaliza, nitumie. Hizo kurasa 40 zibaki kwako kwa sasa.